Mwaka wa Maji ya Kijani

Mimi ni mwalimu wa biolojia hapa Rumonge, Burundi, kando ya Ziwa Tanganyika, na kwa miaka kadhaa sasa nina kazi ya pili ambayo majirani hawajaipatia jina. Wengine huniita Madamu wa Maji. Mara mbili kwa mwezi napanda boti asubuhi, tunaiacha bandari na mitumbwi ya wavuvi wa mukeke, samaki wa ziwa hili, nyuma yetu, tunakwenda mpaka michikichi ya ufukoni inabaki mstari tu chini ya milima. Huko nateka maji kwenye vina mbalimbali, nayatia kwenye chupa, na kabla ya jua kutua nimeshajua ziwa limevuta hewa ukaa kiasi gani siku hiyo. Ninaipenda kazi hii kuliko nilivyodhani mtu mzima anaweza kupenda kazi, nami nataka kusimulia ilivyonipata.

Nilizaliwa Tanzania, katika makazi ya wakimbizi, kwa wazazi walioondoka Burundi wakiwa vijana. Shule nilisoma kwa Kiswahili, baadaye kwa Kiingereza. Tuliporudi nilikuwa msichana mkubwa mwenye cheti kizuri na Kifaransa cha kuombea maji. Sokoni walitutambua mara tulipofungua mdomo. Wao wakisema maji iko baridi, sisi tulisema maji ni ya baridi, basi wakasema hawa watu wa Tanzania. Halikuwa tusi kila mara. Lakini chuoni Bujumbura, ukiwa umesimama mbele ya ubao wa kemia na swali hulielewi, mtu akinong'ona hivyo nyuma yako unajua vizuri anachotaka kusema. Nilijifunza Kifaransa na kemia kwa pamoja, ndiyo maana hadi leo nikipiga hesabu za molekuli nazipiga kwa Kifaransa, na nikikasirika nakasirika kwa Kiswahili.

Baba alirudishiwa sehemu ya shamba la michikichi la babu, upande wa Kigwena, karibu na msitu. Mama alifariki kabla hatujarudi. Kwa hiyo nilipopata kazi ya ualimu Rumonge, baba alikuwa ndiye mtu wangu, na mimi wake. Jumapili nilikwenda kwake, tukasali pamoja, tukala ugali wa muhogo na ndagala, dagaa wa kwetu, akaniuliza wanafunzi wangu wamejifunza nini wiki hiyo. Alitaka jibu la kweli. Nikimwambia tumesoma usanisinuru, alitaka nimweleze usanisinuru.

Siku moja alikuja shuleni kwetu daktari mmoja kutoka Bujumbura, si daktari wa wagonjwa, ni mtaalamu wa mambo ya ziwa. Alikuwa mtu mpole, anasema taratibu kana kwamba kila neno analipima kwanza. Alikuwa anatafuta mwalimu wa sayansi mwenye maabara. Nilimwonyesha yetu: sinki lisilo na maji, bureti mbili za kudondoshea dawa, hadubini moja iliyohifadhiwa kabatini kwa kufuli. Nilidhani atacheka. Akasema inatosha.

Alinieleza kwamba katika bahari kuu zenye joto, mbali kabisa na nchi kavu, kuna vijidudu vya kijani visivyoonekana kwa macho ambavyo hujitengenezea mbolea yao wenyewe. Huchukua naitrojeni iliyomo hewani, ile ambayo mimea mingi haiwezi kuitumia ilivyo, na kuigeuza chakula. Maji yakitulia na jua likikolea, huzaana kwa wingi mno, na katika kukua kwao hula kaboni iliyoyeyuka majini. Maji yakipungukiwa, huvuta nyingine kutoka angani. Watu wamevipima vijidudu hivyo huko baharini kwa meli kubwa. Jamaa zao wako humu Tanganyika. Tatizo, alisema, ni kwamba vipimo alivyokuwa navyo vya upande wetu vilikuwa karibu vyote vya kiangazi, kwa sababu wageni huja wakati wa likizo zao, huteka maji, huondoka. Ziwa linafanya nini baada ya wao kuondoka, yeye hakuweza kusema.

Nilimuuliza kwa nini amenichagua mimi, naye hakunipamba.

"Kwa sababu unaishi hapa," alisema.

Jibu hilo lilinipendeza zaidi ya sifa yoyote. Nilikuwa nimesubiri kwa muda mrefu mtu aniambie hivyo.

Boti ilipatikana kwa Hajati. Yeye ni mama wa Kiislamu ambaye mababu zake walitoka Omani. Ana duka la kamba, nyavu na vipuri vya injini karibu na soko, na ukoo wake upo katika mji huu tangu kabla ya barabara ya lami. Nilikwenda kumweleza shida yangu nikiwa nimejiandaa kubembeleza. Alinisikiliza huku akimpimia mteja kamba, kisha akatoa masharti yake. La kwanza, mpwa wake, ambaye ndiye nahodha, akisema leo ziwa ni baya, safari hakuna na mjadala hakuna. La pili, kila nikirudi nipite dukani kumweleza nilichokiona.

"Usije ukaniambia tu kila kitu iko sawa," alisema. "Niambie ulichokiona."

Basi tukaanza. Daktari alikuja mara ya kwanza kunifundisha, kisha akaniacha. Kazi yenyewe si ngumu kuielewa. Unateka maji kwenye kina fulani kwa chombo kinachojifunga chenyewe kikiwa chini. Unayagawa kwenye chupa mbili, moja ya kioo cheupe, nyingine imefunikwa yote isipate mwanga. Unazifunga kwenye kamba, unazishusha tena kwenye kina kilekile yalikotoka maji, na juu unaacha dumu la njano lielee. Mchana unarudi kuzichukua. Ndani ya chupa nyeupe, vijidudu vimekula kaboni na kutoa oksijeni. Ndani ya chupa nyeusi havikupata jua, vimepumua tu. Ukipima oksijeni ya chupa zote mbili, tofauti yake inakwambia kaboni kiasi gani imeliwa. Wanafunzi wangu wa darasa la mwisho waliielewa kwa somo moja.

Ugumu ulikuwa katika mambo mengine. Safari zetu za mwanzo, wavuvi wawili walilikuta dumu letu, wakafikiri limepotea, wakalivuta na kamba na chupa zote hadi ufukoni, wakalipeleka kwa Hajati kwa sababu walijua dumu lile ni la dukani kwake. Walikuwa wamefanya wema na walitarajia kushukuriwa. Niliwashukuru. Kisha nikakaa nao kwenye ngazi za duka nikawaeleza chupa zile zinafanya nini kule majini, na tangu siku hiyo dumu letu likawa na walinzi wengi kuliko boti yenyewe.

Kiangazi chote tulipima na chupa hazikutupa mambo makubwa. Upepo wa kusini ulivuma kila siku, boti ikarukaruka, nikatapika mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Maji yalikuwa safi, ya buluu, na yenye vijidudu vichache. Tofauti kati ya chupa nyeupe na nyeusi ilikuwa ndogo hata wakati mwingine nilidhani nimekosea. Nilipita kwa Hajati nikamwambia nilichokiona: kidogo. Wiki mbili baadaye: kidogo. Hakuonekana kuchoka. Aliuliza tu upepo ulikuwaje huko mbali na rangi ya maji ilikuwaje, na akasema kiangazi ndivyo kilivyo, ziwa linashika njaa.

Daktari alikuwa ameniambia ningoje upepo ukome. Miezi yote ile ya kiangazi, upepo unayasukuma maji ya juu yenye joto kuelekea huku kwetu kaskazini, yanalundikana. Ni kama karai la maji ulilolinamisha. Upepo ukiacha, karai linarudi sawa, maji yanayumba, na yale ya chini, ya baridi, yenye fosforasi iliyokusanyika huko gizani, yanapanda upande wetu. Lakini naitrojeni ndani yake ni haba. Kwa mmea wa kawaida hiyo ni karamu isiyo na chumvi. Kwa vijidudu vinavyojichukulia naitrojeni hewani, ni shamba tupu lisilo na mshindani.

Upepo ulikoma. Mvua za kwanza zilinyesha milimani, vumbi likatulia, na kwa siku kadhaa ziwa lilikuwa bapa kama meza. Asubuhi ya safari yetu nahodha alizima injini kabla hatujafika mahali petu. Kwa kawaida hasemi mengi. Alinyoosha mkono tu.

Maji yalikuwa ya kijani. Si kijani cha majani ya ufukoni. Kilikuwa kijani cha mbaazi mbichi, kimejipanga katika michirizi mirefu kufuata mkondo, na katikati ya michirizi maji yalimeta kama yana unga. Nilichovya mkono. Ulitoka na vidoa vidogo mno vya kijani. Nikajikuta nacheka peke yangu ndani ya boti, na nahodha akaniuliza kama ni jambo zuri au baya. Nilimwambia ni hilo tulilokuwa tunalisubiri.

Alasiri ile nilikuwa peke yangu maabarani. Kupima oksijeni unatia dawa kwenye maji, yanapata rangi ya dhahabu, unatia wanga yanakuwa ya buluu iliyokolea, kisha unadondosha dawa nyingine kutoka kwenye bureti, tone kwa tone, mpaka buluu ipotee. Kadiri oksijeni ilivyo nyingi ndivyo matone yanavyohitajika mengi. Nilianza na chupa nyeusi. Buluu ilipotea upesi. Nikashika chupa nyeupe iliyotoka karibu na uso wa maji. Kabla sijatia hata wanga, rangi yake ilikuwa ya chai ya rangi, kali, sijawahi kuiona hivyo tangu nianze. Nikadondosha. Nikadondosha tena. Matone niliyoyazoea yakapita na buluu ipo palepale. Bureti ikaisha, nikaijaza upya, nikajiambia nimechafua dawa. Nilipomaliza nikarudia kwa chupa pacha yake niliyokuwa nimeiweka akiba. Jibu lilikuwa lilelile.

Nilikaa kwenye kiti cha mwanafunzi nikatazama dirishani. Ziwa lilionekana juu ya mapaa, limetulia. Kila mtu pale mjini alikuwa akiendelea na shughuli zake, nami ndiye niliyekuwa najua kwamba mbele ya macho yao maji yale yalikuwa yakiivuta hewa ya juu yake kwa nguvu ambazo hayakuwa nazo wiki mbili kabla. Niliona fahari, na sikuwa na mtu wa kumwambia isipokuwa Hajati, kwa hiyo nilifunga maabara nikaenda dukani kwake.

Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniambia kuna jambo ambalo mimi sijalisikia. Bandarini watu walikuwa wanasema ziwa limetiwa sumu. Wengine walisema meli imemwaga rangi, wengine walisema ni dawa za mashambani zilizoshuka na mvua. Wanawake wanaouza mukeke walikuwa wamerudi nyumbani na samaki wao.

Kesho yake shefu wa zoni, kiongozi wa eneo letu, aliitisha mkutano bandarini, akanitumia mtu shuleni nije kueleza. Niliazima meza kutoka dukani kwa Hajati, nikabeba hadubini kwa mikono miwili kama mtoto mchanga, na chupa ya maji ya kijani. Watu walikuwa wengi kuliko nilivyotarajia. Nilieleza kwa Kirundi, kisha kwa Kiswahili kwa ajili ya Wakongo na wengine wa bandarini: kwamba hii si rangi wala dawa ya shamba, ni viumbe hai vya humuhumu ziwani, vinakuja maji ya chini yakipanda baada ya kiangazi, na vitaondoka. Kwamba samaki hawakufa, na mtu yeyote angeweza kwenda kuangalia.

Mama mmoja muuza mukeke, ambaye nilimfahamu kwa sura, alisogea mbele. Hakuwa na hasira. Alikuwa na beseni la samaki nyumbani linaloharibika.

"Madamu, we uko unasema maji haina sumu," alisema. "Basi kunywa sisi tuone."

Watu walisogea karibu. Nahodha alinitazama. Najua baadhi yao walitaka ninywe, na kwa nukta moja hata mimi nilitaka, kwa sababu ningekunywa pale, yangekwisha maneno.

"Siwezi kunywa, mama," nilimjibu. "Nimesema hakuna mtu aliyeyatia sumu. Lakini viumbe hivi vikilundikana ufukoni vinaweza kuwa na ubaya wake, na mimi bado sijapima. Samaki mtoe utumbo, muoshe kwa maji ya bomba, mle. Maji ya kijani msinywe, na watoto wasiogee humo mpaka niwaletee jibu."

Sikujua kama nimeshinda au nimeshindwa. Yule mama alitikisa kichwa taratibu, akamgeukia jirani yake, akamwambia kwa Kirundi kwamba huyu angalau hadanganyi. Kisha akaomba kuangalia kwenye hadubini.

Baada ya hapo kila mtu alitaka kuangalia. Nilikigeuza kioo cha chini kipate jua, nikatia tone, na foleni ikaanza. Ukiviona kwa hadubini vijidudu hivyo vinafanana na shanga zilizotungwa, nyuzi na nyuzi, kijani, na hapa na pale katika uzi kuna ushanga mmoja mkubwa kidogo, wenye rangi hafifu, kama wa kioo. Huo ndio unaoigeuza naitrojeni kuwa mbolea.

Baba alikuwa amekuja mjini siku hiyo na madumu ya mawese, akasikia sokoni kwamba mwanawe anahutubia bandarini. Alisimama kwenye foleni kama wengine, hakutaka kupitishwa mbele. Zamu yake ilipofika alivua kofia, akainama, akaangalia kwa muda mrefu hadi waliokuwa nyuma wakaanza kunung'unika.

"Naona shanga," alisema.

Nikamwelekeza kwenye ushanga wa kioo, nikamweleza kazi yake: kwamba huo haupati chakula kwa jua kama wenzake, wenyewe hutengeneza mbolea na kuwagawia majirani, nao majirani huulisha sukari.

Baba alinyanyua kichwa. Ni mkulima, mbolea anaijua kwa gharama yake na kwa uzito wake begani.

"Huyu ningemwajiri shambani," alisema, na watu wakacheka, na hofu ya siku ile ikapungua kidogo.

Nilituma maji Bujumbura, daktari akayapima. Maji ya katikati ya ziwa hayakuwa na kitu cha kutisha; ule utando mzito wa ufukoni ulipaswa kuepukwa, kama nilivyosema. Nilirudi bandarini nikawaambia. Mukeke walikuwa wameshaanza kununuliwa tena. Mimi na nahodha tukaendelea kutoka, sasa si mara mbili kwa mwezi bali kila ziwa liliporuhusu, mpaka michirizi ikachakaa, ikawa ya manjano, ikatoweka, na chupa nyeupe ikarudi kuwa karibu sawa na chupa nyeusi.

Mvua zilizoanza wakati ule zilipokuwa zinaelekea kwisha, mwaka uliofuata, daktari alinipigia simu. Kulikuwa na mkutano mkubwa Bujumbura, wataalamu wa nchi zote za ziwa hili na wengine kutoka mbali. Nilidhani ananiomba ruhusa ya kuonyesha vipimo vyangu. Akasema hapana, anataka nivionyeshe mwenyewe. Nilimkumbusha kwamba mimi ni mwalimu wa sekondari. Akanijibu kwamba yeye hakuwepo ndani ya boti.

Hajati aliposikia alisema anakuja. Alitaka kujua boti yake imefanya nini mwaka mzima. Alifunga duka, jambo ambalo halifanyi hata akiumwa, akavaa buibui lake jipya, tukapanda gari pamoja kupita Minago na njia yote ya ufukoni, ziwa kushoto kwetu. Mahali fulani maji yalikuwa yamepanda yakameza nyumba, kuta zimesimama ndani ya ziwa zikiwa na madirisha. Hajati alinionyesha moja akasema alihudhuria harusi ndani yake.

Ukumbini alikaa mstari wa mbele, baina ya wageni wenye kompyuta, mkoba mapajani. Nilipanda jukwaani nikiwa nimekariri sentensi za mwanzo za Kifaransa, na nilipozimaliza nikagundua nyingine zinakuja zenyewe. Nilionyesha mchoro mmoja. Mstari ulikwenda chini chini kiangazi chote, kisha, baada ya upepo kukoma, ukapanda kama mlima, ukashuka tena. Niliwaambia kwamba vipimo vya kiangazi peke yake vinalifanya ziwa letu lionekane kama mtu asiyekula. Kumbe mlo wake unafuata. Niliwaambia pia nisichokijua: sehemu kubwa ya ukaa ule huliwa na kurudishwa hewani kabla ya mvua kwisha, na kiasi gani kinazama hadi kwenye maji yasiyo na hewa kule chini, hilo chupa zangu haziwezi kusema.

Mzee mmoja mgeni aliuliza, kwa namna ya upole lakini ya kung'ang'ania, ninajuaje kwamba naitrojeni ya vijidudu hivyo imetoka hewani, pengine imeletwa na mito baada ya mvua. Lilikuwa swali zuri. Nilimjibu kwamba mahali petu pako mbali na midomo ya mito, kwamba nilipima nitrati, ile naitrojeni ambayo mito huleta, kwenye maji ya juu siku zile na karibu haikuwepo, na kwamba ule ushanga wa kioo haujitokezi ovyo. Kijidudu huutengeneza pale tu kinapokosa naitrojeni majini, nami niliuona katika karibu kila uzi. Daktari aliongeza vipimo vyake vya maabara, vilivyosema hivyohivyo. Yule mzee aliandika, kisha akainua macho akaniambia asante, ameridhika.

Nilishuka jukwaani. Hajati aliniminya mkono. Hakuelewa Kifaransa chote, alisema, lakini alielewa kwamba yule mzee aliuliza na mimi nikajibu.

Jumapili yake nilikuwa Kigwena. Nilikuwa nimemsimulia baba yote Jumamosi jioni, naye akanirudisha nyuma mara kadhaa: swali lilikuwa lipi hasa, nilisimama wapi, nani alikuwepo. Kanisani ulipofika wakati wa shuhuda, alisimama. Baba si mtu wa kusimama. Miaka yote tangu turudi sikumbuki ametoa ushuhuda hata mmoja, wala wa kurudi kwenyewe. Alishika kiti cha mbele yake.

Alisema, kwa Kirundi, kwamba wengi humo wanajua alivyoondoka nchi hii, hatarudia. Kwamba huko walikokuwa alimpeleka binti yake shule bila kujua shule ile itamfaa wapi. Kisha akasema: "Mwanangu amelipima ziwa hili. Akasimama mbele ya wakubwa wa nchi nyingi, wakamuuliza, akawajibu. Murakoze Mana, asante Mungu."

Halafu akaeleza, kwa kuwa hakuweza kujizuia, jinsi vijidudu vinavyokula hewa na kutoa mbolea, na katika kueleza akachanganya kaboni na naitrojeni, akavipa vijidudu mdomo. Sikumsahihisha. Nilikuwa nimeinamisha kichwa, natazama mikono yangu, na waumini walikuwa wanapiga makofi, na mama aliyekaa kando yangu alinisukuma kwa kiwiko nisimame nionekane. Nikasimama.

Mwaka wa pili upepo wa kiangazi ulikuwa dhaifu. Tulingoja michirizi, ikaja michache, hafifu, na mlima kwenye mchoro ukawa kilima. Hajati alinihurumia, akadhani kazi imeharibika. Nilimweleza kwamba haijaharibika hata kidogo, kwamba sasa ndipo imekuwa tamu: upepo mkali ulitupa maji ya kijani kibichi, upepo mdogo umetupa haya, na miaka ikiongezeka tutajua kama ni desturi ya ziwa au ni bahati tu. Alifikiri kidogo, akamwambia mpwa wake akaikague injini mapema kabla ya kiangazi kijacho.

Sasa tuko vituo vitatu. Mwalimu mmoja wa kike anapima Minago, na mwaka huu nilikwenda Kabonga, karibu na mpaka, kuwafundisha walimu wengine wawili. Wana bureti moja na meza inayoyumba. Mmoja wao alidondosha matone kwa haraka, buluu ikapotea ghafla bila yeye kujua ni tone lipi, akaona aibu. Nilimwambia amwage, aanze upya, dawa ipo ya kutosha. Safari ya pili alidondosha taratibu, amejiinamia, ulimi umetokeza kidogo pembeni mwa mdomo, na buluu ilipokwisha alilijua tone lenyewe. Alinigeukia na bureti mkononi, kisha akaivuta chupa iliyofuata.